Neno Bila Mahadhi: Historia ya Nadharia na Utendaji katika Mafunzo ya Muziki ya Vyuo Vikuu vya Kenya

Tarehe 24 Oktoba 1968, wanataaluma watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitia saini waraka uliodai kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake kingekuwa Afrika. Waraka huo, uliochapishwa baadaye katika Homecoming (1972), umekwisha kujadiliwa kiasi cha kuchosha. Majina mawili kati ya matatu ya watunzi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o (wakati huo James Ngugi) na Taban lo Liyong, hayakosekani katika silabasi yoyote ya fasihi. Jina la tatu, Henry Owuor-Anyumba, hutajwa kwa pumzi moja na mengine kisha likaachwa. Lakini huyo wa tatu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na muziki. Aghalabu utafiti wake ulihusu nyimbo: mashairi yaimbwayo ya Wajaluo, maombolezo ya nyatiti, na namna ala na ulimi vinavyosaidiana katika msiba. Kwa hiyo madai ya waraka kuhusu fasihi simulizi hayakutoka kwa wapenzi wa vitabu peke yao. Mmoja wao alikuwa mtu aliyezoea kusikiliza nyuzi.

Makala haya yanachunguza yaliyotukia baada ya hapo. Wimbo uliingia chuo kikuu nchini Kenya kupitia milango miwili tofauti. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fasihi, na wimbo ulipopita hapo ulivuliwa mahadhi ukabaki maneno. Mlango wa pili ulikuwa wa elimu ya ualimu, na hapo ulipokelewa na mfumo wa nadharia ambao ulikuwa umeundwa kwa ajili ya muziki mwingine kabisa. Kila upande ulichukua nusu ya kiumbe mmoja. Swali linaloulizwa hapa si la utaratibu wa idara tu. Ni swali la nani alitambuliwa kuwa mjuzi wa muziki, nani aliitwa mjuzi wa ushairi, na nani aliachwa nje ya lango ingawa alikuwa anajua yote mawili.

Urithi wa solfa

Ili kuelewa chumba cha darasa la nadharia katika chuo kikuu, sharti kuanzia kanisani. Mfumo wa solfa, ambao asili yake ni juhudi za Sarah Glover wa mjini Norwich na ambao John Curwen aliusambaza kote Uingereza tangu miaka ya 1840, ulifika Afrika Mashariki mikononi mwa wamisionari. Ulikuwa na sifa moja kuu ya kiuchumi: unaandikika kwa herufi za kawaida. Mtambo wowote wa chapa, hata taipureta, uliweza kutoa noti za solfa bila ya kuhitaji mistari mitano wala alama maalumu. Shule ya misheni isiyokuwa na kinanda iliweza kufunza sauti nne kwa ubao na chaki. Hapana budi kukiri kwamba ulikuwa ufundi wa kutolea elimu kwa umma, na katika Kenya umewazalisha viongozi wa kwaya wasiohesabika ambao hawakuwahi kugusa piano.

Hata hivyo, solfa haikuja peke yake. Ilikuja na tenzi za rohoni zilizotafsiriwa, na tafsiri hizo ndizo zilizokuwa somo la kwanza la nadharia kwa vizazi kadhaa. Hapa mhakiki wa ushairi ana jambo la kutazama kwa makini, kwa kuwa ni jambo la arudhi.

Muundo mmojawapo uliopendwa mno katika nyimbo za kanisa za Kiingereza ni ule wa mishororo minne yenye silabi nane kila mmoja. Mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili atasema mara moja kwamba hiyo ni hesabu ya utenzi, mizani nane, na kwa hesabu peke yake hakosei. Lakini mshororo wa Kiingereza wa aina hiyo huhesabu pia uzito: pigo zito huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo mfasiri akimaliza mshororo kwa neno kama "mwokozi", shadda ya usemi iko kwenye silabi ya saba ilhali lahani inalazimisha uzito kwenye ya nane. Mwimbaji huishia kutamka neno ambalo mamaye hangelitambua. Katika muundo mwingine maarufu, ule wa mishororo ya silabi nane na saba kwa kupokezana, ambao huanza na pigo zito, mambo ni ya ajabu zaidi: mshororo wa kwanza wa silabi nane hukubaliana na Kiswahili vizuri kabisa, kwa maana pigo zito la mwisho huangukia silabi ya saba; mshororo unaofuata, wenye silabi saba, humalizia kwenye pigo zito na kuivunja shadda. Kwaya huimba sawasawa na kwa kukosea kwa zamu.

Pengine itapingwa kwamba hata ushairi wa pwani huweka uzito mwishoni, kwenye kina, na kina hukaa juu ya silabi isiyokuwa na shadda. Pingamizi hili ni la haki. Mwimbaji wa utenzi au wa shairi hurefusha silabi ya mwisho, naye hasikiki kuwa anakiharibu Kiswahili. Tofauti iko katika namna. Mshairi wa Lamu au wa Mombasa hahesabu shadda hata kidogo. Anahesabu silabi na kungoja kina, na mahadhi yake hunyumbuka kati ya vituo hivyo viwili yakimwachia neno nafasi ya kupumua. Lahani ya kanisa imeyafunga mapigo yote, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, kisha ikayakariri hayo hayo katika kila ubeti. Kwa lugha zenye toni, kama vile Kijaluo na Kikuyu, tatizo ni kubwa zaidi, kwani lahani moja inayopanda na kushuka vilevile kwa beti sita haiwezi kufuata toni za maneno ya beti zote sita. Nchini Ghana jambo hili lilimkera Ephraim Amu tangu miaka ya 1920, naye akatunga nyimbo zake akifuata toni za lugha. Msimamo wake wa jumla kuhusu mavazi na ala za Kiafrika katika ibada ulimfanya apoteze kazi yake katika chuo cha Akropong mwaka 1933. Kenya haikupata Amu wake katika muongo huo. Ilipata mashindano.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 miongoni mwa walowezi, na taratibu likafungua milango kwa shule na kwaya za Waafrika. Mwaka 1944 ilianzishwa konsavatori ya muziki mjini Nairobi. Mitihani ya ngazi ya bodi ya vyuo vya kifalme vya muziki vya London, bodi iliyoundwa mwaka 1889, ilikuwa ndiyo kipimo cha kusema kwamba fulani anajua nadharia. Kufikia uhuru, basi, palikuwa na njia mbili za umahiri zilizotambuliwa rasmi: solfa kwa wengi na mistari mitano kwa wachache. Njia ya tatu, ya yule aliyejifunza kwa kukaa miguuni mwa fundi, haikuwa na cheti.

Hyslop na wimbo wa watu watano

Graham Hyslop ni mtu anayefaa kuangaliwa upya na wanafasihi. Wasomi wa tamthilia ya Kiswahili wanamjua kama mwandishi wa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, tamthilia mbili zilizotoka mwaka 1957 na ambazo hutajwa kila historia ya utanzu huo inapoandikwa, mara nyingi kwa dharau kidogo. Wasomi wa muziki wanamjua kama afisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni, mwandishi wa mwongozo wa waalimu wa kwaya (1964) na wa kitabu kuhusu ala za muziki za Kenya (1975). Ni nadra kwa mtu mmoja kuzungumzia sura hizo mbili pamoja, na unadra huo wenyewe ni ushahidi wa mgawanyiko unaojadiliwa hapa.

Mwaka 1963 Hyslop aliketi pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi kuuandaa Wimbo wa Taifa. Walichofanya kinajulikana: walichukua mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo, wakayapanga kwa upatanisho wa sauti, na kuyatilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza yenye beti tatu. Kwa mtazamo wa nadharia hiki kilikuwa kitendo kikubwa. Lahani ya mama wa Mto Tana ilithibitishwa kuwa inatosha kubeba dola. Lakini ilithibitishwa kwa sharti: kwanza ipitishwe katika upatanisho wa kanisa, isimame wima, ipigwe na bendi ya polisi. Mtindo huo wa kuuchukua wimbo wa jadi na kuupanga kwa sauti nne ulikwishapata mizizi katika tamasha, na baada ya 1963 ukawa ndio alama ya uzalendo wa kimuziki. Si haki kuubeza. Arthur Kemoli, aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na papo hapo akawa mmoja wa wapangaji mashuhuri wa nyimbo za Kiluhya kwa kwaya, alionyesha kwamba mtindo huo ukishikwa na mtu anayeisikia lugha unaweza kuzaa kazi zenye uhai wa pekee. Inafaa kukumbukwa kwamba mtu huyo alikuwa katika idara ya fasihi.

Kambi ya jeshi iliyogeuka chuo

Mafunzo ya muziki ya kiwango cha shahada yalikua hasa Kenyatta, mahali palipokuwa kambi ya kijeshi ya Templer kabla ya kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Chuo hicho kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1970 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Asili yake ilikuwa ualimu, na asili hiyo ndiyo iliyoupa muziki sura yake. Mwanafunzi hakuandaliwa awe mwanamuziki; aliandaliwa awe mwalimu wa muziki, kazi ambayo ingemtaka atayarishe kwaya ya shule kwa ajili ya tamasha na kuwafunza watahiniwa kujibu maswali ya karatasi. Kwa hiyo somo la nadharia lilibeba yale yaliyohitajika na karatasi hiyo: ngazi za sauti, vipindi kati ya noti na noti, upatanisho wa sauti nne kwa kufuata kanuni za Ulaya ya karne ya 18, kusoma noti papo kwa papo, na mazoezi ya sikio ambayo ndani yake mwalimu hupiga kitu kwenye piano na mwanafunzi akaandika alichosikia.

Katika hayo, mazoezi ya sikio ndiyo yenye siri kubwa. Kanuni za upatanisho hujitangaza kwamba ni za mahali fulani na wakati fulani. Mwanafunzi mwerevu hujua kuwa anajifunza mtindo wa Wajerumani wa zamani. Sikio halijitangazi. Linapofunzwa kwa piano peke yake, hufunzwa kwamba kati ya noti mbili zilizo jirani hapana kitu, na kwamba sauti inayoangukia hapo katikati imekosea. Nyuzi nane za nyatiti hazipatanishwi kwa piano. Mahadhi ya taarabu yaliyojengwa juu ya rasti au bayati yana sauti zinazoangukia hasa pale ambapo piano haina kibao. Mwanafunzi aliyetoka Siaya au Lamu akiwa na sikio timamu aliweza kuondoka chuoni akiwa amefunzwa kulitilia shaka.

Hili halikuwa la Kenya peke yake, wala halikukosa wapinzani. Nchini Ghana, J. H. Kwabena Nketia aliyejenga mafunzo ya muziki huko Legon katika miaka ya 1960 alisisitiza kwamba mpiga ngoma mwenyewe aingie chuoni kama mfundishaji, si kama kielelezo cha kuchunguzwa. Kitabu chake cha The Music of Africa (1974) kikawa msingi wa kozi barani kote, Kenya ikiwemo. Nchini Marekani, Mantle Hood wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles alidai katika makala ya mwaka 1960 kwamba mtafiti wa muziki wa watu wengine sharti ajifunze kuupiga, awe na umahiri wa aina mbili kama vile mtu awezavyo kuwa na lugha mbili. Ni kinaya kwamba hoja iliyobuniwa ili kumsaidia Mmarekani aijue ala ya Java ingeweza kumfaa zaidi mwanafunzi wa Kenya, ambaye umahiri wa pili ulikuwa ndio wa kwanza kwake, na ambaye chuo kilimtaka auache mlangoni.

Utafiti wenyewe haukulala. P. N. Kavyu alichapisha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977. Washington Omondi alikamilisha tasnifu yake kuhusu thum, yaani nyatiti na muziki wake, katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Kitabu cha Senoga-Zake cha Folk Music of Kenya kilitoka mwaka 1986. Kasoro haikuwa ukosefu wa maarifa. Maarifa hayo yalipofika darasani yaliwekwa katika kozi ya "muziki wa Kiafrika", ilhali kozi iliyoitwa kwa ufupi "nadharia" iliendelea kuwa ya Ulaya. Mgawanyo huo wa majina una madhara kuliko yanavyodhaniwa. Unafundisha, bila mtu yeyote kutamka, kwamba Waafrika wana muziki na wengine wana nadharia yake.

Tume ya mwaka 1982, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Omondi, ilizunguka nchini ikikusanya maoni na kutoa ripoti mwaka 1984. Tume ya kudumu ya rais ya muziki ikaundwa mwaka 1988. Wakati huohuo mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliufanya muziki kuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi. Waalimu walihitajika kwa maelfu. Wengi wa waliowekwa mbele ya darasa hawakuwa wamesomea muziki, nao walishika solfa, kwa sababu ndiyo waliyoikuta kanisani. Mageuzi ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliuondoa muziki katika mitihani ya shule za msingi, na hima hiyo ikapoa.

Nadharia ya asiyeandika

Yafaa sasa kumtazama mpiga nyatiti, si kwa ajili ya kumsifu bali kwa ajili ya kuuliza anajua nini. Huketi chini, kidole cha mguu wa kulia kikiwa na pete ya chuma iitwayo oduong'o ambayo hugonga ukingo wa ala. Njuga za gara ziko mguuni. Mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Na juu ya hayo yote anatunga maneno yanayomtaja marehemu, shemeji zake, mji wake na aliyetoa pesa. Mtu huyu anagawanya wakati katika tabaka tatu kwa mpigo mmoja na kuiweka lugha yenye toni juu ya tabaka hizo bila kuvuruga maana. Lau mwanafunzi wa chuo kikuu angeweza kuandika kwenye karatasi kile ambacho mguu wa mtu huyu unafanya dhidi ya mkono wake, angepata alama za juu kabisa katika somo la mapigo.

Je, hiyo ni nadharia au ni mazoea tu? Wanaosema ni mazoea hudai kwamba nadharia ni maarifa yanayoweza kusemwa. Lakini fundi husema. Humwambia mwanafunzi wake kwamba uzi huu umelegea, kwamba mguu umetangulia, kwamba jina hilo halikai hapo. Ana lugha ya kukosolea, na palipo na lugha ya kukosolea pana vigezo. Wanafasihi wanalijua hilo vizuri; ndilo walilolishikilia katika miaka ya 1970 walipotetea kwamba mtambaji wa ngano ana ufundi wenye kanuni, hata kufikia mkutano wa mwaka 1974 katika shule ya Nairobi School uliozungumzia ufundishaji wa fasihi na kuichukulia fasihi simulizi kuwa msingi. Ajabu ni kwamba hoja iliyoshinda katika idara ya fasihi haikuvuka ua kwenda kwenye idara ya muziki. Wala idara ya fasihi yenyewe haikuifikisha mwisho wake. Diwani za nyimbo zilizotolewa katika kipindi hicho, ukiwemo mkusanyo maarufu wa Okot p'Bitek wa nyimbo za Waacholi, Horn of My Love (1974), zilimpa msomaji maneno na tafsiri. Mahadhi yalibaki kwa mwenye wimbo.

Kidula, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu nyimbo za dini za Walogooli, ameonyesha kinachoweza kupatikana pale mtafiti anapokataa kutenganisha mambo hayo. Waimbaji wenyewe wana makundi yao ya nyimbo na namna zao za kuamua wimbo wa kigeni umekuwa wao lini. Wimbo uliofika kwa solfa miaka mia iliyopita haukubaki ulivyofika. Ulipindwa, ukapunguzwa kasi, ukaongezewa mwitiko. Kile ambacho mtahini wa tamasha angekiita kosa, kwa kutazama karatasi, ni uamuzi.

Mizani za nani?

Ni katika ushairi wa Kiswahili ambako mgawanyiko huu umekuwa na gharama inayoonekana wazi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Mgogoro wa miaka ya 1970, uliozuka baada ya Mashairi ya Kisasa ya Mulokozi na Kahigi (1973) na Kichomi ya Kezilahabi (1974), ulipiganwa kuhusu vina na mizani, nao ulipiganwa karibu wote juu ya karatasi. Watetezi wa mapokeo walihesabu silabi. Wapinzani wao waliikataa hesabu. Ni wachache waliokwenda kusikiliza. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliurudisha mjadala kwenye uimbaji kwa kusisitiza kwamba tungo za Waswahili haziwezi kueleweka bila ya nyimbo, na hilo lilistahili kuwa mwanzo wa ushirikiano kati ya idara. Kitula King'ei aliandika tasnifu yake ya mwaka 1992 kuhusu nyimbo za taarabu nchini Kenya, na kazi hiyo ilizingatia hasa lugha na mawasiliano.

Kwa nini sikio lilihitajika? Kwa sababu mizani ni maelezo ya jambo la muziki yaliyotolewa na watu waliokuwa wanaimba. Mshororo wa shairi wenye mizani kumi na sita uliogawanyika nane kwa nane umegawanyika mahali ambapo mwimbaji anatua. Ukiondoa tuo hilo, kina cha kati kinabaki pambo lisilo na kazi, na kijana wa chuo kikuu anakuwa na haki ya kuuliza kwa nini ahangaike nalo. Mombasa ya nusu ya pili ya karne ya 20 ilikuwa maabara tosha ya swali hili. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir na ya washairi wengine kwa mahadhi mengi yaliyotoka katika filamu za Kihindi; Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyaimba mashairi ya aina hiyohiyo kwa udi, akifuata mahadhi yenye nasaba ya Uarabuni na ya pwani yenyewe. Umbo la shairi ni lilelile, mahadhi ni mbalimbali. Mwenye kutaka kujua nini katika arudhi ni cha lazima na nini kinaweza kuachwa hahitaji hoja za falsafa. Anahitaji kusikiliza waimbaji hao wawili akiwa na daftari mkononi na elimu ya kuandika mapigo. Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein mwaka 2016.

Huko Unguja jambo lilichukua njia nyingine. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001, kiliwaweka wapiga ganuni, udi na fidla wazee darasani pamoja na vijana, kikatumia noti za mistari mitano bila kuacha kufunza kwa kuiga. Hakikuwa chuo kikuu, na fedha zimekuwa zikikisumbua, lakini kilithibitisha kwamba mtu anaweza kusoma noti na papo hapo akalihifadhi sikio la rasti. Kilithibitisha pia jambo la lugha. Mafunzo hayo yalipotolewa kwa Kiswahili, maneno yalipatikana.

Kwa Kenya, lugha ya somo la nadharia katika chuo kikuu ni Kiingereza, na jambo hili huchukuliwa kuwa la kawaida hata halijadiliwi. Lakini Kiswahili kina akiba kubwa ambayo imelala upande wa fasihi: mahadhi, mkarara, kiitikio, kituo, mwanzo, ukwapi na utao, urari, mizani. Yote ni maneno ya mpangilio wa sauti katika wakati. Hayajawahi kuitwa istilahi za muziki kwa sababu tu wanaoyatumia wana ofisi katika idara ya Kiswahili. Upande wa pili, mwanafunzi wa muziki anapotaka kueleza kwa nini mwimbaji wa taarabu amechelewa makusudi kuingia kwenye pigo, hutafuta neno la Kiitaliano.

Muziki wa leo umelifanya suala hili liwe la haraka zaidi. John Low, katika uchunguzi wake wa mwaka 1982 kuhusu muziki wa gitaa nchini Kenya, alionyesha kwamba wapiga gitaa wa baada ya vita walikuwa na mitindo yenye majina, mafundi na shule zake, bila ya chuo. Benga, ambayo Daniel Owino Misiani (1940–2006) aliifikisha kote nchini, ilihamisha mwenendo wa nyuzi za nyatiti hadi kwenye gitaa la umeme. Kozi za muziki wa kisasa zilizoanzishwa katika vyuo vikuu kadhaa tangu miaka ya 1990 zimekubali gitaa, kurekodi sauti na utayarishaji wa muziki kwa kompyuta. Mtaala mpya wa shule ulioanza mwaka 2017 umetenga mkondo wa sanaa na michezo. Emily Achieng' Akuno, mhariri wa mkusanyo wa mwaka 2019 kuhusu elimu ya muziki barani Afrika, ni mmoja wa wale waliosisitiza kwamba utendaji ndiyo njia ya kujua, wala si matumizi ya kile ambacho tayari kimejulikana. Programu za kompyuta, kwa bahati mbaya, zimerithi piano: zinampa mwanafunzi gridi ya mapigo manne na noti kumi na mbili kabla hajafungua kinywa.

Hugh Tracey alirekodi muziki nchini Kenya mwaka 1950 na 1952, na mkusanyo wake wa Sound of Africa, wenye santuri zaidi ya 200 kutoka pande nyingi za bara, ulihifadhiwa Afrika Kusini kwa miongo mingi. Katika miaka ya 2010 nakala za baadhi ya rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii za Kenya zilikotoka, miongoni mwao ule wimbo wa Wakipsigis kuhusu "Chemirocha" ambao asili ya jina lake ni mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Kila rekodi ilikuwa na kadi ya maelezo kuhusu lugha, ala na aina ya wimbo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuzishughulikia leo atakabiliwa na fomu ya usajili kabla ya kukabiliwa na sauti. Akijiandikisha katika fasihi au Kiswahili, msimamizi atamtaka anukuu maneno, ayatafsiri na kuyachambua. Akijiandikisha katika muziki, ataombwa anukuu noti, na maneno yatawekwa kwenye kiambatisho. Taratibu za kuwa na wasimamizi wawili kutoka idara mbili zipo tayari. Waombaji wa kuzitumia kwa ajili ya wimbo bado ni wachache.